Kuchagua suti ndefu ya kuzamia ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: hatua kwa hatua kabla ya kushuka pwani

Mtu aliyekulia Makete au Njombe ukimwambia maji ya bahari ya Mafia yana nyuzi joto 27, atacheka. Kwake nyuzi 27 ni mchana wa kuvua sweta. Ndiyo maana wengi wa huku juu wakipanga likizo ya kuzamia wanaangukia upande mmoja kati ya miwili: wapo wanaoshuka na kaptura na fulana kwa kuwa baridi wameizoea, na wapo wanaotafuta suti nene kuliko zote, kwa hesabu ileile ya kununua sweta la Juni. Wote wanaishia kutetemeka, hawa kwa kukosa suti, wale kwa kuvaa suti nene inayopwaya.

Kabla hujatoa hela, shika jambo moja. Suti ya kuzamia haizuii maji kuingia. Inayaingiza kidogo, inayafungia kati yake na ngozi, mwili unayapasha moto, na mpira wenyewe, ambao ni neopreni iliyojaa mapovu madogo ya gesi, unazuia joto lisitoroke. Kazi yote inategemea maji yale machache yabaki palepale. Suti ikipwaya, kila ukigeuka yaliyopata moto yanatoka na ya baridi yanaingia, na hapo unene hauna msaada. Suti ya milimita 3 iliyokukaa sawasawa ina joto kuliko ya milimita 5 iliyoacha mfuko wa maji mgongoni. Sehemu kubwa ya yanayofuata inatokana na hilo.

Na kwa nini ndefu, kama maji ni ya vuguvugu? Kwa sababu baridi ni sehemu tu ya kazi yake. Suti inayofika vifundo vya mikono na miguu inakukinga na yavuyavu, ambao wakikugusa mapajani likizo inageuka kuwa ya kujikuna. Inakukinga pia na mikwaruzo ya matumbawe, ambayo huchelewa kupona, na jua la kwenye boti. Suti fupi ya mikono na miguu nusu ina wapenzi wake. Mimi simo, hasa kwa mtu anayezamia mara chache kwa mwaka na bado hajaweza kukaa mbali na matumbawe bila kuyagusa.

1. Anza na maji na mwezi

Maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Mtu aliyetulia majini bila nguo anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 hivi ili asipoteze joto, na bahari yetu haifiki huko. Kwenye nyuzi 27, mzamo wa kwanza wa dakika 45 hutausikia. Wa pili utaanza kukunja mikono kifuani. Ukizamia mara mbili kwa siku, ikifika siku ya tatu unaweza kutetemeka hata ukiwa umekaa juani kwenye boti, maana mwili haujapata nafasi ya kurudisha joto lililotoka. Kuzoea asubuhi za Uyole hakusaidii hapo. Kule ulikuwa unapambana na hewa, tena umevaa koti.

Baharini, angalia pepo. Wakati wa kusi, hasa Julai hadi Septemba, maji ya Unguja, Pemba na Mafia hushuka hadi kwenye nyuzi 25 hivi. Kaskazi ikishika, yanapanda. Februari na Machi yanaweza kugonga 29 au 30. Wanaokwenda Mafia kuogelea na potwe, yaani wale papa wakubwa wapole, hufika kati ya Oktoba na Februari, kwa hiyo hupata maji mazuri. Wanaosubiri shule zifungwe katikati ya mwaka huangukia miezi ya baridi, halafu hushangaa kwa nini wenzao walisema maji ni ya moto.

Wa Kyela na Tukuyu wana njia ya mkato: Ziwa Nyasa. Pale Matema, chini ya Milima ya Livingstone, maji ya juu huwa kati ya nyuzi 23 na 28 kutegemea msimu, na yanapoa zaidi Juni hadi Agosti. Samaki wadogo wa rangi wanaocheza kwenye mawe utawaona hata kwa kuogelea juu juu na miwani na bomba la kupumulia. Lakini usidhani suti itakukinga na kichocho. Maji yanaingia ndani ya suti, na vijidudu navyo vinaingia. Oga, jikaushe, kisha baada ya miezi miwili hivi nenda kapime. Kuhusu mamba karibu na midomo ya mito, waulize wavuvi wa hapohapo, siku hiyohiyo.

Ukishajua maji, unene unajichagua wenyewe. Nyuzi 26 hadi 29: milimita 3. Hiyo ndiyo suti ya likizo ya pwani yetu, na kama utanunua moja tu maishani, iwe hiyo. Nyuzi 29 kwenda juu, wengine huvaa nguo nyepesi ya likra peke yake. Mtu mwembamba au anayezamia siku nyingi mfululizo bado atashukuru kuwa na milimita 3. Nyuzi 23 hadi 25, yaani kusi yenyewe, au Nyasa mwezi wa saba: milimita 5, au ileile ya 3 na fulana ya neopreni yenye kofia ndani yake. Njia hii ya pili naipenda zaidi kwa mkazi wa nyanda za juu, kwa kuwa suti moja inakuhudumia Matema mwezi wa saba na Mafia mwezi wa kumi na mbili. Milimita 7 waachie wa Ulaya.

Ukikuta namba mbili, kama 3/2 au 5/3, kubwa ni unene wa kiwiliwili na ndogo ni wa mikono na miguu. Ni mpango mzuri, kwani viungo vinapata wepesi wa kujikunja.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana ni kina. Ukifika mita 10 shinikizo ni mara mbili ya la juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Yale mapovu ya gesi yanabanwa na suti inakonda. Ya milimita 5 ikifika mita 30 inaweza kubaki na kama nusu tu ya unene wake. Mwenye cheti cha mwanzo cha kuzamia huruhusiwa kufika mita 18, kwa hiyo mambo hayawi mabaya kiasi hicho, ila kama mipango yako ni kuta za Pemba zinazoshuka gizani, ongeza fulana ya ndani.

2. Jipime, usikisie

Chukua tepu ya fundi cherehani, baki na nguo ya kuogelea tu, na mwombe mtu mwingine akupime. Ukijipima mwenyewe, tepu hupinda mgongoni na kifua hupungua bure. Pima kifua mahali kilipo kipana, kiuno, nyonga, urefu wa mwili mzima, na mguu kutoka msamba hadi kifundo. Kisha kipimo ambacho watu wengi hukiruka: kutoka mfupa wa chini ya shingo nyuma, kupita mgongoni, hadi msamba. Hicho ndicho kinachoamua kama suti itakuvuta mabega chini au itajikunja kiunoni. Andika na uzito wako, maana chati nyingi huutaja.

Chati hazifanani. M ya mtengenezaji mmoja ni L ya mwingine, na wa Ulaya hutumia namba kama 50 na 52. Baadhi huongeza herufi kwa warefu na wafupi. Vipimo vyako vikiangukia saizi mbili, fuata kifua na nyonga, urefu uje mwisho. Mguu ukizidi sentimita chache unaukunja tu na hakuna hasara. Kiwiliwili kikizidi, hakuna mkunjo utakaokiokoa.

Wanawake: tafuta suti iliyokatwa kwa umbo la kike. Ya kiume ikikutosha nyonga itapwaya kiunoni, na ikikutosha kiuno haitapita nyonga. Nimeona dada zetu wakilaumu miili yao wakati kosa ni la mkasi wa kiwandani. Mwanamume mwembamba mrefu ana shida yake pia, na dawa yake ni zile saizi zilizorefushwa.

Kwa mtoto, ile tabia ya kununua sare ya shule kubwa "ataikulia" iache mlangoni. Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima, na suti ya kukulia haimfai mwaka huu wala hakuna hakika itamfaa mwakani. Mkodie.

3. Mahali pa kuipata

Usitegemee kuikuta ikining'inia katika maduka ya Mbeya mjini au Iringa. Njia ziko tatu, na nitazisema kwa mpangilio ninaouamini.

Ya kwanza ni kukodi kwenye kituo cha kuzamia huko huko unakokwenda, angalau safari ya kwanza. Ukiwa unaweka nafasi, uliza maswali manne: bei ya mzamo inajumuisha suti? Ni ndefu au fupi? Milimita ngapi? Saizi yangu ipo? Wakikujibu "zipo zote, karibu", omba wakutumie picha ya lebo kwa WhatsApp. Ukifika, jaribu mbili au tatu za watengenezaji tofauti, na iliyokukaa vizuri andika jina na saizi yake. Hapo umepata kipimo cha kununulia ambacho hakuna chati inayoweza kukupa. Suti za kukodi huwa zimechoka na zimelegea, na kuna siri inayojulikana na kila mzamiaji: maji baridi huchochea mkojo, na si kila mtu husubiri kurudi kwenye boti. Isuuze kabla hujaivaa na usiulize zaidi.

Ya pili ni kuagiza, ama kutoka dukani Dar es Salaam ama nje ya nchi. Ukiagiza nje, soma masharti ya kurudisha kabla ya picha. Kurudisha kifurushi kutoka huku kunaweza kumeza nafuu yote uliyoiona kwenye bei, ukiacha ushuru. Ndiyo maana ninasisitiza ukodi kwanza.

Ya tatu ni mitumba. Wanaozunguka Mwanjelwa alfajiri wakati marobota yanafunguliwa wanajua kwamba kila baada ya muda hutoka nguo nyeusi ya mpira ambayo muuzaji mwenyewe haelewi ni ya nini, na huiuza kama nguo ya mazoezi au ya kuendeshea pikipiki wakati wa mvua. Bei inaweza kuwa ya kuchekesha. Lakini kagua hivi:

Kwanza jua ni ya mchezo gani. Nyingi ni za kuteleza kwenye mawimbi au za mashindano ya kuogelea. Ya mawimbi ina mpira laini sana, na huko chini hubanwa haraka kuliko ya kuzamia. Kwa mizamo ya mita 10 au 12 katika maji ya joto inavumilika. Ya mashindano ya kuogelea ina ngozi ya nje laini inayong'aa, nayo huchanika kwa ukucha tu, sembuse ukingo wa boti. Hiyo iache. Ya kuzamia hujulikana kwa vilinda magoti, kitambaa kigumu nje, na mara nyingi namba ya milimita iliyochapwa kifuani, kwenye mkono au kwenye lebo ya ndani.

Kisha ibonyeze kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kifuani na halafu kwenye magoti na makalio. Neopreni hai hurudi ilipokuwa. Iliyokufa hubaki bapa na ngumu, na hapo mapovu yameshapasuka; ni nguo tu, haina joto. Ikunje na utazame kama kuna nyufa ndogo. Vuta mishono taratibu pande zote mbili na uiangalie kwenye mwanga: ukiona vitobo vya jua, maji yataviona pia. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa. Zipu mbovu fundi anaibadilisha. Mpira uliokufa haubadiliki. Tundu dogo linazibika kwa gundi ya neopreni, kwa kupaka pande zote mbili, kusubiri ikauke kidogo na kugandamiza.

Na usikubali kuivaa juu ya suruali pale sokoni ili "ujaribu". Mpe muuzaji amana, nenda nayo nyumbani, au tafuta chumba.

4. Kuivaa bila kuichana

Suti mpya ukiivaa mara ya kwanza utadhani umepewa saizi ya mtoto. Tulia. Chukua dakika 10, ukiwa mkavu, mahali penye ubaridi. Hapo ndipo Mbeya inaishinda Zanzibar.

Zipu ikiwa mgongoni, iende nyuma, jambo ambalo kila siku kuna mtu analikosea. Miguu kwanza. Wazamiaji wa zamani walikuwa wakivaa mfuko wa plastiki mguuni ili utereze, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na soksi nyembamba ya nailoni inafanya kazi ileile. Vuta kwa nyama ya vidole, kamwe si kwa kucha. Usivute kutoka kiunoni: chukua kidogo kidogo kuanzia kifundo, panda hadi goti likae mahali pa goti, kisha paja. Msamba lazima ufike juu kabisa kabla hujagusa mikono. Ukiuacha chini sentimita tano, mabega hayatafika na utailaumu suti bure. Mikono inafuata kwa utaratibu uleule, kifundo kwanza. Mwisho inama kidogo mbele, leta mabega nyuma, na umwombe mtu afunge zipu huku akishika kitambaa cha chini yake kisibanwe.

5. Majaribio ya chumbani

Sasa ndipo unaamua. Usisimame mbele ya kioo ukijitazama. Suti hizi humpendeza karibu kila mtu na kioo hakijui kitu.

Vuta pumzi ndefu hadi mwisho. Kifua kipanuke bila kugoma. Chuchumaa mpaka chini, kama unapalilia viazi, kisha simama: ikikuvuta mabega chini kwa nguvu, ni fupi kiwiliwilini. Inua mikono yote juu, halafu ipeleke nyuma kana kwamba unatafuta vali ya mtungi wa hewa ulio mgongoni. Geuza kichwa kushoto na kulia.

Halafu tafuta mianya. Mwombe mwenzako apapase sehemu ya chini ya mgongo, pale panapoingia ndani. Hapo ndipo suti nyingi husaliti. Akiweza kushika kitambaa kizima mkononi na kukivuta, pana mfuko wa maji. Pengine pa kupapasa ni makwapani, tumboni ukiwa umeinama kidogo, na nyuma ya magoti. Mkunjo mdogo nyuma ya goti ni wa kawaida. Vifundoni lazima igusane na ngozi pande zote.

Shingo inahitaji uangalifu kuliko yote. Kidole kimoja kiingie kwa kulazimisha kidogo. Viwili vikiingia kwa raha, maji yatapita. Lakini ikibana mpaka unasikia kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kujaa, ivue mara moja na usiinunue, hata kama vingine vyote viko sawa na bei imeshuka. Mishipa mikubwa ya damu inapita hapo, na unavyosikia ukiwa chumbani ndivyo utakavyosikia kwenye kina cha mita 15, ambako kuivua hakuwezekani.

Kaa nayo dakika 10. Mikono au miguu ikianza kufa ganzi, ni ndogo. Ikikuchosha tu kama nguo mpya inayobana, hiyo ni sawa. Ndani ya maji italegea kiasi, na baada ya mizamo michache zaidi. Iliyo ya raha kabisa chumbani, kama nguo ya kulalia, ni kubwa. Wauzaji hawapendi nikisema hivyo, maana kubwa ndiyo rahisi kuiuza.

6. Mishono na zipu

Kwa maji yetu ya joto hapa usitumie akili nyingi. Mshono bapa, ule unaoonekana kama reli ya nyuzi nje na ndani, una vitobo vinavyopitisha maji kidogo, lakini ni laini kwenye ngozi na ni wa bei nafuu. Kwa milimita 3 kwenye nyuzi 27 unatosha. Mshono uliounganishwa kwa gundi kwanza, kisha ukashonwa kwa sindano isiyotoboa upande wa pili, ndio unaotakiwa kwenye milimita 5. Zipu ya mgongoni yenye kamba ndefu ni rahisi kuifunga mwenyewe. Ya kifuani hupunguza maji yanayopenya mgongoni, ila kuivaa ni mieleka. Vilinda magoti chukua. Rangi, chagua unayotaka. Kipande cha rangi kali mabegani au kofiani humsaidia mwenzako kukuona.

Shingoni pakikukwaruza, vaa fulana ya likra ndani. Usipake mafuta ya mgando, kwani mafuta yanayotokana na petroli huharibu gundi na mpira kadiri muda unavyokwenda.

7. Suti mpya, uzito mpya

Mapovu yaleyale yanayokupa joto yanakufanya uelee. Ukibadilisha suti, hesabu yako ya vyuma vya mkanda, vile vinavyokusaidia kuzama, imekufa. Mwambie kiongozi wa mzamo kwamba suti ni mpya na ufanye kipimo juu ya maji: toa hewa kwenye jaketi la kuelea, shika pumzi ya kawaida, na maji yafike usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo mbili hivi, kwa kuwa mtungi huwa mwepesi hewa inapokwisha.

Ukitoka baharini kwenda Nyasa, punguza. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake wana kilo 100 ataondoa kilo 2 na nusu hivi.

Na kwa wale ambao hawakukua karibu na maji, yaani wengi wetu: kuelea kwa suti si kuogelea. Jifunze kuogelea kwanza, hata kwenye bwawa la hoteli. Suti haichukui nafasi ya boya la kuokolea.

Kwenye boti mwezi wa kwanza utaiva ndani yake. Ivae hadi kiunoni, mikono ikining'inia, na umalizie mkifika. Ukianza kusikia kichwa kinagonga, jimwagie maji.

8. Kurudi juu

Hili si la suti moja kwa moja, ila mwongozo wa mtu wa nyanda za juu ukiliruka ni nusu mwongozo. Vitabu vya kuzamia huonya kuhusu kupanda ndege baada ya mzamo, na msomaji mwenye tiketi ya basi hudhani hayamhusu. Hewa ya ndani ya ndege hufanana na ya mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, Mbeya karibu 1,700, Njombe karibu 2,000. Basi likipanda Kitonga, mwili wako unafanyiwa jambo la aina ileile: nitrojeni iliyoingia kwenye damu na misuli ukiwa chini inapata nafasi ya kutoka kwa mapovu, na mapovu hayo yanaweza kukudhuru. Utaratibu unaotumika kwa ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 baada ya mizamo kadhaa au ya siku kadhaa. Mimi husema lala usiku mmoja pwani bila kuzamia, tembea Kariakoo, panda basi asubuhi yake.

Matema ni mtihani mkubwa zaidi kwa sababu ni karibu sana. Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Tukuyu kwenda Mbeya inakupitisha juu ya mita 2,000 ndani ya muda mfupi. Ukizamia kwa mtungi asubuhi, usirudi Mbeya jioni. Aliyeogelea juu juu na bomba tu hahusiki.

9. Kuitunza huku kwetu

Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ndani na nje, zipu ikiwa wazi. Sabuni ya maji kidogo inatosha. Sabuni ya unga, mashine na pasi hapana. Ianike kivulini, kwanza ikiwa imegeuzwa ndani nje. Jua la huku juu linadanganya kwa ubaridi wa hewa, lakini mionzi yake ni mikali kuliko ya pwani na hukausha mpira ukapasuka.

Kwenye basi usiiweke buti chini ya magunia ya mchele wa Kyela. Ikilaliwa saa 12 na mzigo, mapovu yanabanwa na mikunjo inakuwa ya kudumu. Izungushe kama mkeka na ukae nayo.

Mvua za huku, kuanzia Novemba hadi Mei, ndizo adui wa nyumbani. Suti iliyohifadhiwa na unyevu kidogo hushika ukungu na harufu isiyotoka. Ihakikishe imekauka kabisa, itundike kwenye kitundikio kipana, au weka juu ya kitundikio taulo lililokunjwa ili mabega yasikatike, mbali na jiko na mafuta ya taa. Zipu ipake nta ya nyuki au pitisha mshumaa.

Na kila mwaka, kabla hujalipia nafasi ya kuzamia, ivae tena chumbani na urudie majaribio ya hatua ya tano. Miili hubadilika kati ya likizo na likizo, na ugali wa nyanda za juu una mchango wake.